Yajnavalkya alimwambia nini Maitreyi?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Katika kitabu cha misemo ya wenye hekima wa dunia nimekuta maneno haya: 'Mume hapendwi kwa ajili ya mume, hupendwa kwa ajili ya nafsi.' Chini yake pameandikwa jina Yajnavalkya, mwenye hekima wa Kihindi wa kale. Nilipoyasoma kwa sauti katika ofisi ya walimu, mmoja alisema huyo ndiye baba wa ubinafsi. Mwingine akadai mzee huyo aliwatelekeza wake zake wawili akaingia msituni, kwa hiyo hana haki ya kumfundisha mtu mapenzi. Alikuwa nani huyu? Aliishi kweli, au ni mtu wa hadithi? Na alifundisha nini hasa?" (Mwalimu wa sekondari, Tanga)

Marahaba. Maneno uliyoyasoma ni yake kweli, ila yamekatwa katikati, na mkato huo ndio uliowagombanisha wenzako. Yanatoka katika Brihadaranyaka, mojawapo ya Upanishadi kongwe kabisa, yaani zile sehemu za mwishomwisho za Veda, maandiko matakatifu ya kale ya Wahindu, ambamo hoja ya kafara na matambiko inageuka kuwa hoja ya uhai, kifo na kilichomo ndani ya mtu. Hayakusemwa yawe msemo. Ni kipande cha mazungumzo ya mume na mke siku ambayo mume anaaga. Nitayafikia, lakini kwanza inafaa umjue msemaji, maana Yajnavalkya si yule mzee mpole wa kuchorwa amefumba macho chini ya mti. Ni mlumbi. Anapenda kushinda, ana ulimi mkali, na ng'ombe anawataka.

Aliishi Videha, au tuseme ndiko maandiko yanakomweka: nchi ya Mithila, ambayo leo ni kaskazini mwa jimbo la Bihar huko India pamoja na ukanda wa kusini mwa Nepal. Mji wa Janakpur wa Nepal bado unabeba jina la Janaka, mfalme aliyekuwa mwenyeji wake. Wataalamu wengi wanayaweka mazungumzo hayo kati ya karne ya 8 na ya 6 KK. Wakati huo Videha ilikuwa pembezoni. Ngome ya elimu ya Veda ilikuwa magharibi, katika nchi za Kuru na Panchala, upande ilipo Delhi ya leo, na wanachuoni wa kule hawakuzoea kupokea somo kutoka mashariki. Hilo liweke akilini tunapokwenda.

Je, aliishi? Kaburi hana, maandishi ya jiwe hana, na maneno yake yalipita vinywani mwa wanafunzi kwa karne nyingi kabla ya kuandikwa. Yeyote anayekupa mwaka wake wa kuzaliwa anakubunia. Hata hivyo mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba nyuma ya jina hili yupo mtu. Shatapatha Brahmana, kitabu kikubwa mno cha taratibu za kafara ambacho Brihadaranyaka ni sehemu yake ya mwisho, kinamtaja mara kwa mara kama mwenye kauli katika mambo madogo ya ibada: lipi litangulie, lipi liachwe. Tena kinamtaja na dhihaka zake. Wanafunzi wanaotunga mtakatifu wa kubuni huwa hawamtungii kasoro, na huyu kasoro zake zimehifadhiwa kwa uangalifu uleule waliohifadhia mafundisho yake.

Chukua kisa hiki cha Shatapatha. Mfalme Janaka anakutana na makuhani watatu safarini, Yajnavalkya mmojawao, anawauliza wanaitoaje agnihotra, ile sadaka ya maziwa inayomiminwa motoni asubuhi na jioni. Kila mmoja anajibu. Janaka anasema Yajnavalkya ndiye aliyekaribia, anamzawadia ng'ombe mia, kisha anamwambia kwamba hata yeye hajui sadaka hizo mbili zinakwenda wapi baada ya kumiminwa. Anapanda gari lake la farasi, anaondoka. Wale makuhani wawili wanaona wamedharauliwa, wanataka kumfuata mfalme wamshindanishe. Yajnavalkya anawatuliza: sisi ni makuhani, yeye ni mtu wa utawala, tukimshinda, tutajisifu tumemshinda nani? Akitushinda, watu watasema mtawala amewashinda makuhani. Wenzake wanaona ana akili. Wakishaachana, Yajnavalkya anapanda gari lake mwenyewe na kumkimbiza mfalme akamuulize jibu. Analipata. Naye kwa shukrani anampa Janaka ahadi atakayo, na Janaka anachagua moja tu: awe na ruhusa ya kumuuliza Yajnavalkya swali lolote wakati wowote. Ahadi hii ilikuja kumgharimu, kama utakavyoona.

Zipo pia hadithi za baadaye, za Purana, vitabu vya visa vya kidini, zilizotungwa karne nyingi baada ya Upanishadi. Inayojulikana zaidi inasema alisoma kwa Vaishampayana. Mwalimu huyo alipatwa na dhambi, akawataka wanafunzi wake wote wamfungie toba. Yajnavalkya akasema aachiwe yeye peke yake, hawa wengine wana nguvu gani? Mwalimu akachukizwa na majivuno hayo, akamwambia atapike elimu yote aliyomfundisha. Akaitapika kweli. Wanafunzi wengine wakajigeuza kwale wakaidonoa, na ndiyo ikawa Yajurveda Nyeusi, mojawapo ya matawi mawili ya Veda ya kafara, ya ukoo wa Taittiriya ambao jina lake linahusishwa na kwale. Yajnavalkya akalisujudia jua mpaka likamjia kwa umbo la farasi, likampa Yajurveda Nyeupe ambayo mwalimu wake hakuijua. Kihistoria hadithi hii haituthibitishii kitu kuhusu maisha yake. Inachotueleza ni kwamba kulikuwa na mpasuko wa kweli kati ya vyuo viwili vya Yajurveda, na kwamba wafuasi wa Yajnavalkya walimkumbuka kama mwanafunzi aliyeshindikana.

Sasa malumbano yenyewe, ambayo yamejaza sehemu ya tatu ya Brihadaranyaka. Janaka anafanya kafara kubwa yenye zawadi nyingi. Makuhani wa Kuru na Panchala wamefika. Mfalme anatamani kujua nani kati yao ana elimu kuliko wote, anafungia ng'ombe elfu moja zizini, pembe za kila mmoja zimefungwa vipande kumi vya dhahabu, anatangaza: aliye bora kati yenu na awaswage. Kimya. Hakuna anayethubutu kujitaja bora mbele ya wenzake. Yajnavalkya anamgeukia mwanafunzi wake: "Samashrava, kijana wangu, waswage hao." Makelele yanazuka. Ashvala, kuhani wa Janaka, anamuuliza: wewe ndiye bora kati yetu? Yajnavalkya anajibu kwamba huyo aliye bora anamsujudia. Yeye anataka ng'ombe tu.

Kuanzia hapo wanampanga mstari. Wanauliza watu wanane, mmoja wao mara mbili. Sitakupitisha kwa wote, baadhi ya maswali ni ya ufundi wa kafara na yatakuchosha. Lakini Artabhaga usimruke. Anauliza: mtu akifa, sauti yake ikarudi kwenye moto, pumzi kwenye upepo, jicho kwenye jua, akili kwenye mwezi, mwili kwenye ardhi, yeye mwenyewe anakuwa wapi? Yajnavalkya, ambaye mpaka sasa amekuwa akijibu kwa sauti mbele ya kadamnasi, anamwambia: "Nishike mkono, Artabhaga. Hili tutalijua sisi wawili, si jambo la mbele za watu." Wanasogea pembeni. Kitabu kinasema walichozungumza ni vitendo: mtu huwa mwema kwa kitendo chema, huwa mbaya kwa kitendo kibaya. Hili ndilo fundisho la karma, ambalo leo kila mtu analitaja hata akikosa basi asubuhi, na hapa ni mojawapo ya mara zake za mwanzo kabisa katika maandiko ya Kihindi. Linasemwa kwa kunong'ona.

Baadaye, akiwa na Janaka, analieleza wazi zaidi. Mtu ni kile anachokitamani. Tamaa yake huzaa nia, nia huzaa kitendo, na kitendo ndicho kinachomrudia. Roho inapouacha mwili, anasema, ni kama kiwavi aliyefika ncha ya jani: hunyoosha mwili, hushika jani jingine, kisha hujivuta. Wengi huishia hapo wakadhani ndiyo hitimisho lake. Kwake kuzaliwa tena na tena ni tatizo linalotafutiwa tiba: tamaa zote zilizokaa moyoni zikifunguka, anasema, yule aliyekuwa wa kufa huwa hafi.

Gargi, binti wa Vachaknu, ndiye mwanamke pekee katika mstari ule, na kwa maoni yangu ndiye muulizaji bora wa wote. Anauliza kama mtu anayekagua nguo: ikiwa dunia hii yote imefumwa juu ya maji kama nyuzi za mtande na mshindio, maji yamefumwa juu ya nini? Juu ya hewa. Na hewa? Anampandisha ngazi hadi jua, mwezi, nyota, miungu, hadi Brahman, yaani ule uhalisia mkuu ulio chanzo cha vyote. Na Brahman je? "Gargi," anajibiwa, "usiulize kupita kiasi, kichwa chako kisije kikaanguka." Ananyamaza. Lakini haondoki. Uddalaka Aruni anapomaliza zamu yake, Gargi anasimama tena na kuwaambia makuhani kwamba atauliza maswali mawili. Yajnavalkya akiyajibu, hakuna kati yao atakayemshinda. Anayafananisha na mishale miwili mkononi mwa mtoto wa shujaa wa Kashi au Videha. La kwanza: kilicho juu ya mbingu, chini ya ardhi, kati yake, kilichopita, kilichopo na kijacho, vimefumwa juu ya nini? Juu ya anga. La pili: na anga? Safari hii hatishwi. Anapewa jibu kuhusu Kisichoharibika: si kinene wala chembamba, si kifupi wala kirefu, hakina kivuli, hakina ladha wala harufu, hakina ndani wala nje. Kwa amri yake jua na mwezi hushikiliwa mahali pake, na mito hutiririka kutoka milima myeupe, mingine mashariki, mingine magharibi. Hakionwi bali ndicho kionacho. Gargi anawageukia wanaume: jihesabuni wenye bahati mkimwepuka huyu kwa kumsujudia tu.

Mmoja hakusikia, Vidagdha Shakalya. Anaanza kwa swali linalojulikana sana: miungu ni wangapi? Mia tatu na watatu, na elfu tatu na watatu, anajibiwa. Ndiyo, lakini ni wangapi hasa? Thelathini na watatu. Hasa? Sita. Watatu. Wawili. Mmoja na nusu. Mmoja. Na huyo mmoja ni nani? Ni uhai, pumzi, wanamwita Brahman. Kila mara nasikia watu wetu wakiuliza kama Wahindu wanaabudu mungu mmoja au wengi, na kila mara nakumbuka kwamba swali hilo lilishaulizwa Videha, likajibiwa kwa idadi zote hizo bila hata moja kukanushwa. Shakalya anaendelea kubishana mpaka anaulizwa swali asiloweza kulijibu, na kichwa chake kinaanguka. Wezi wanaiba mifupa yake wakidhani ni kitu kingine. Ndivyo kilivyo kitabu hiki: ukurasa mmoja unakupa jambo la ndani kabisa, unaofuata unakupa wezi wa mifupa.

Yule Uddalaka niliyemtaja anastahili neno. Orodha ya walimu mwishoni mwa kitabu hichohicho inamtaja kuwa ndiye mwalimu wa Yajnavalkya, naye hapa yuko upande wa wapinzani. Anamuuliza mwanafunzi wake wa zamani kuhusu uzi unaoshikilia dunia zote na kuhusu mwendeshaji wa ndani. Jibu ni la kurudiarudia, limetungwa likaririwe: akaaye katika ardhi, ambaye ardhi haimjui, ambaye mwili wake ni ardhi, anayeiendesha ardhi kutoka ndani, huyo ndiye nafsi yako, mwendeshaji wa ndani, asiyekufa. Kisha maji, moto, upepo, jua, macho, masikio, akili. Mwisho: huona naye haonwi, yeye ndiye mwonaji, hakuna mwonaji mwingine ila yeye.

Hapo ndipo ilipo nanga ya mafundisho yake yote, na bila hiyo sentensi uliyoisoma haisomeki. Anapotaja nafsi, yaani atman, hasemi juu ya yule "mimi" mwenye jina, mshahara na kinyongo, wala ile nafsi tunayoambiwa kwetu tuidhibiti isitupotoshe. Anamsema yule ambaye kwake vyote hivyo vinajulikana, na ambaye kwa sababu hiyo hawezi kuonyeshwa kama kimojawapo. Ukisema ni mwili, si huo. Ukisema ni pumzi, si hiyo. Mawazo, si hayo. Kwa hiyo jina pekee analompa ni kukanusha: neti neti, si hivi, si hivi. Naye huyo, anadai, si wako wewe tofauti na wa mwenzako. Ni mmoja, ndani ya ardhi, ndani ya jua, ndani ya mumeo.

Mfalme Janaka alimbana katika jambo hili kuliko makuhani wote. Kwa kweli mimi nawapenda hawa wawili kwa namna wanavyotaniana. Siku moja Yajnavalkya anafika ikulu, mfalme anamuuliza: umekuja kwa ajili ya nini, ng'ombe au maswali magumu? "Yote mawili, mtukufu." Lakini katika mazungumzo hayo Janaka anamtolea ng'ombe elfu moja na fahali mkubwa kama tembo, kisha anarudia kumtolea, na kila mara anakataa: baba yangu aliona haifai kupokea kabla ya kumaliza kufundisha. Siku nyingine amekuja na nia ya kutosema kitu. Janaka anaikumbuka ile ahadi ya zamani, anamuuliza: mtu huona kwa nuru gani? Ya jua. Jua likizama? Mwezi. Na mwezi ukizama? Moto. Na moto ukizimika? Sauti, gizani usipouona mkono wako mwenyewe, unaifuata sauti inakotoka. Na sauti ikinyamaza? Nafsi ndiyo nuru yake.

Kutoka hapo wanaingia katika ndoto na usingizi. Ndotoni, anasema, hakuna magari, farasi wala barabara, lakini mtu anajiumbia magari, farasi na barabara. Katika usingizi mzito usio na ndoto, baba si baba, mama si mama, mwizi si mwizi. Kama mwanamume aliyekumbatiwa na mke ampendaye asivyojua la ndani wala la nje, ndivyo mtu huyu anavyokuwa. Haoni chochote, lakini si kwa sababu uwezo wa kuona umekufa. Hakuna cha pili cha kuonwa. Janaka anaendelea kuzidisha dau na kusema "nieleze zaidi, kwa ajili ya ukombozi", na kitabu kinaandika jambo ambalo hakuna mtunga sifa angeliandika: Yajnavalkya aliogopa, akiwaza, mfalme huyu mwerevu amenifukuza kila kona. Mwisho Janaka anampa Videha nzima na yeye mwenyewe awe mtumishi wake.

Sasa turudi nyumbani kwake. Ana wake wawili, Maitreyi na Katyayani. Kitabu kinasema Maitreyi alikuwa mtu wa kujadili mambo ya Brahman, na Katyayani alijua yale ya wanawake tu. Naona Katyayani ameonewa hapa; hapewi hata neno moja la kusema, na bila shaka ndiye aliyekuwa akijua wale ng'ombe elfu wako zizi gani. Yajnavalkya anamwambia Maitreyi kwamba anaondoka katika maisha haya ya nyumbani, kwa hiyo njoo tugawanye mali kati yako na mke mwenzako. Hapo mwenzako aliyesema alitelekeza amekosea kwa hatua moja: aliyetelekeza hagawi mali. Katika fikra zao kuyaacha maisha ya nyumbani uzeeni, baada ya kuyatimiza yake, kulikuwa njia iliyoheshimiwa, na yeye mwenyewe anamweleza Janaka kwamba wahenga wa zamani waliacha tamaa ya watoto, ya mali na ya malimwengu wakaishi kwa kuombaomba. Tunaweza kubaki tukiuliza wake zake walijisikiaje. Swali hilo ni halali.

Maitreyi hakubali mgawo. Anauliza: dunia hii yote ikijaa mali ikawa yangu, nitakuwa asiyekufa? Hapana, anajibiwa, utaishi kama wenye nacho wanavyoishi. Tumaini la kutokufa kwa mali halipo. "Basi lisilonifanya nisife nitalifanyia nini? Niambie unachokijua." Yajnavalkya anafurahi: ulikuwa mpenzi wangu tangu zamani, na sasa umesema lililo pendwa. Njoo ukae, nitakueleza, na ninapoeleza ulizingatie.

Halafu ndiyo inakuja sentensi yako, na ni ndefu. Si kwa ajili ya mume mume hupendwa, bali kwa ajili ya nafsi. Si kwa ajili ya mke mke hupendwa, bali kwa ajili ya nafsi. Watoto vilevile, mali, ukuhani, utawala, malimwengu, miungu, viumbe, na vyote. Kisha kilele ambacho kitabu chako cha misemo kimekiacha: nafsi hii ndiyo ya kuonwa, ya kusikiwa, ya kufikiriwa, ya kutafakariwa, Maitreyi, nafsi ikionwa na kujulikana, haya yote yanajulikana. Na anaongeza kwamba anayekiona chochote kuwa kiko kwingine mbali na nafsi, kitu hicho kitamtupa.

Isome pamoja na jibu alilopewa Uddalaka, utaona kwa nini ubinafsi hauingii. Mbinafsi anasema: nakupenda kwa sababu unanifaa mimi, nami si wewe. Huyu anasema kinachopendwa ndani ya mume, ndani ya mtoto, hata ndani ya ng'ombe, ni kile kile kimoja, nacho ndicho kilicho ndani ya anayependa. Wafafanuzi wenyewe wa Kihindi hawakukubaliana jinsi ya kuisoma. Shankara, wa karne ya 8 BK, aliona kwamba lengo ni kumfanya Maitreyi aache kushikamana na mume, watoto na mali, ili ageukie kile ambacho vyote vinapendwa kwa sababu yake. Ramanuja, aliyefundisha Kusini mwa India karne ya 11 na 12, alisema nafsi inayotajwa hapa ni Nafsi Kuu, Mungu mwenyewe: mume hapendezi kwa sababu ameamua kupendeza, bali kwa sababu Mungu ametaka apendeze. Binafsi naona Shankara amekaa karibu zaidi na maneno, ingawa usomaji wa Ramanuja ndio unaowagusa waumini wengi wanaoswali kwa mapenzi ya Mungu wao. Mwenzako wa ofisini anaweza kuchagua. Wote wawili wanamkana.

Na Maitreyi hakukaa akiitikia tu. Yajnavalkya anatoa mfano wa bonge la chumvi lililotupwa majini: limeyeyuka, huwezi kulichota tena, lakini popote utakapoonja ni chumvi. Ndivyo alivyo huyu mkuu asiye na mwisho, fahamu tupu. Na baada ya kufa, anasema, hakuna tena kujitambua. Hapo mkewe anamkatiza: umenichanganya. Umesema hafi, sasa unasema akifa hajitambui? Anamjibu: palipo na wawili ndipo mmoja humwona mwingine, humnusa, humsikia, humjua. Lakini vyote vikishakuwa nafsi, atamwona nani, kwa kitu gani? Na yule anayejua vyote, atamjua kwa kitu gani? Hilo ndilo fundisho, Maitreyi. Akaondoka. Kitabu hakisemi alikwenda wapi.

Jina lake liliendelea kufanya kazi. Kuna kitabu cha sheria, Yajnavalkya Smriti, chenye beti elfu moja na kidogo, kilichotungwa takriban kati ya miaka ya 300 na 500 BK, kwa hiyo hakiwezi kuwa cha mtu wetu. Ufafanuzi wake, Mitakshara ya Vijnaneshvara, ulioandikwa katika utawala wa mfalme Vikramaditya wa Sita wa Chalukya mwanzoni mwa karne ya 12, ndio ambao Waingereza waliutumia kuamulia mirathi ya Wahindu karibu India yote isipokuwa Bengal. Ni kichekesho kidogo kwamba mtu aliyeondoka na kuacha mali aligeuka kuwa jina la kugawia mali.

Maneno yake ya Upanishadi yalisafiri kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka 1657 mwana wa mfalme wa Kimughal, Dara Shikoh, Mwislamu na mpenzi wa tasawwuf, alitafsiri Upanishadi zipatazo 50 kwa Kiajemi akisaidiwa na wanachuoni wa Banaras. Aliamini kwamba ndizo zile habari za "kitabu kilichohifadhiwa" zinazotajwa katika Sura ya 56 ya Qurani. Wengi walimwona amevuka mpaka, na miaka miwili baadaye nduguye Aurangzeb alimuua, ingawa ugomvi wa kiti cha ufalme ulikuwa sababu kubwa zaidi. Kutoka Kiajemi hicho Mfaransa Anquetil-Duperron alizitoa kwa Kilatini mwaka 1801 na 1802, na hicho Kilatini ndicho kilichomfikia Schopenhauer, mwanafalsafa wa Kijerumani.

Tahadhari moja kabla hujaenda kumuuliza jirani yako Mhindu: usishangae akikuambia hamjui sana huyu mzee. Wengi wa Wahindu wa pwani yetu na miji yetu asili yao ni Gujarat, na dini yao ya kila siku ni ya mapenzi kwa Krishna, Rama, Amba au Swaminarayan. Lakini akikuimbia ile dua ya "nitoe katika giza unipeleke kwenye nuru, nitoe katika kifo unipeleke kwenye kutokufa", inatoka katika Brihadaranyaka hiyohiyo, sehemu ya kwanza, ingawa si kinywani mwa Yajnavalkya.

Ukitaka kusoma mwenyewe, usianzie ukurasa wa kwanza. Utakutana na kafara ya farasi na utafunga kitabu. Anza na mazungumzo ya Maitreyi, sehemu ya 2 sura ya 4. Kisha soma sehemu ya 3 yote kwa mkupuo mmoja, kama tamthilia, halafu sehemu ya 4 polepole. Katika sura ya 5 ya sehemu hiyo ya 4 mazungumzo ya Maitreyi yanarudi kwa maneno yaliyobadilika kidogo. Ziweke nakala mbili sambamba muone nini kimeongezwa. Hilo ni zoezi zuri hata kwa wanafunzi wako wa kidato cha tano.